Thibitisha

Isyonje, saa mbili usiku. Ukungu umeingia hadi jikoni
bila hodi, kama shemeji.
Jiko la mkaa liko kati ya miguu yangu,
daftari liko juu ya gunia la viazi ambalo halikuuzika leo,
na swali liko juu ya daftari, la mstari mmoja:

moja toa kosaini, gawa kwa saini,
ni sawa na saini, gawa kwa moja jumlisha kosaini.
Thibitisha.

Miaka kumi na tisa tangu niache shule.
Neno hilo mara ya mwisho lilikuwa kwenye fomu ya kitambulisho:
thibitisha jina, thibitisha ulikozaliwa.
Nilikuwa na mashahidi wawili na muhuri wa mtendaji,
na saini niliyoijua ni ile ya chini ya fomu.
Hapa sina shahidi. Kuna theta tu,
kiduara kilichokaza mkanda kiunoni.

Jumatatu nilijaribu kwa nyuzi thelathini. Ikakubali.
Sitini. Ikakubali. Tisini, ikakubali upesi zaidi.
Nikampelekea Mwalimu Ambilikile huku natabasamu.
"Mama Lugano," akasema, "mchuuzi akikuonjesha viazi vitatu vya juu,
unanunua gunia?"
Nikacheka. Mimi ndiye ninayepanga vile vya juu.

Jumatano nikaja na mizani.
Nikazidisha huku, nikazidisha kule, nikavusha,
saini mraba kushoto, saini mraba kulia,
nikapiga mistari miwili kwa rula.
Jibu hakuliangalia.
"Alama ya sawasawa umeiweka tangu mstari wa kwanza.
Nani kakupa? Si ndiyo unayoidai?
Unavuka daraja ambalo hujalijenga.
La Kiwira Mungu alilijenga bila kuonyesha njia.
Wewe onyesha njia."

Basi leo kidole gumba kimefunika upande wa kulia wote,
nisiuone, nisiutamani.
Nimebaki na kushoto.
Nimfanye nini bila kumbadilisha?

Mkaa unapasuka. Lugano anageuka usingizini,
anavuta blanketi, miguu inabaki nje.
Namfunika. Narudi.

Naweza kumzidisha kwa moja.
Moja hajawahi kumdhuru mtu.
Ila moja ana nguo nyingi, na leo namvika doti ya kanga:
moja jumlisha kosaini juu, moja jumlisha kosaini chini,
vipande viwili, maua yale yale.

Juu, toa inakutana na jumlisha,
vya katikati vinakulana,
inabaki moja toa kosaini mraba,
na huyo namjua, nimemwandika kwa mkaa ukutani, nyuma ya masufuria:
ni saini mraba.
Juu saini wawili. Chini saini mmoja.
Mmoja wa juu anamfuata wa chini,
wanatoka nje kwenye ukungu wameshikana mikono.

Naondoa kidole.

Kilichokuwa chini ya kidole ndicho kilichoko kwenye wino wangu.
Sikuweka lumbesa. Sikupunguza kilo.
Nimevimwaga viazi, nimevijaza gunia jingine,
na gunia lina jina jingine.

Nasimama. Sina wa kumwambia.
Nakipa kibao cha mbuzi teke dogo la furaha, nakaa tena.

Halafu, kwa utani tu, naweka sifuri.
Kulia: sifuri, salama.
Kushoto: sifuri juu ya sifuri,
na hapo hakuna mtu anayejibu.
Natazama nyuma, pale wale wawili waliposhikana mikono wakatoka.
Kama saini alikuwa sifuri,
nilimfuta nani kwa nani?

Naandika pembeni, kwa herufi kubwa: ULIZA.
Vidole vimeganda. Mkaa umebaki majivu.
Kesho gari la viazi linapita saa kumi na moja alfajiri.